Mahali pa Chakula Katika Nyumba ya Chumba Kimoja

(Hotuba ya Kamati ya Nyumba na Afya, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katika mkutano uliopita akina mama waliuliza swali, nasi wa Kamati tukaagizwa tulitafutie jibu. Swali lenyewe lilikuwa hili: chakula kitokacho kwetu bara kikifika hapa Mombasa, kiwekwe wapi? Wako waliocheka lilipoulizwa, wakiona kwamba ni jambo la jikoni lisilostahili wakati wa mkutano. Walakini tulipoanza kuzunguka katika nyumba za wanachama, Kisauni, Likoni, Changamwe na Mikindani, tuliona kwamba swali hili lagusa mfuko wa kila mmoja wetu, na katika nyumba nyingine lagusa uhai.

Tueleze kwanza habari ya mfuko. Ndugu aliyeko shambani amevuna, akamkumbuka mwenzake wa mjini, akampakilia gunia katika basi. Gunia lafika kituoni. Mwenyewe alipokea kwa furaha, kisha akumbuka chumba chake: futi 10 kwa 10, kitanda, meza, sanduku la nguo, jiko, na dumu za maji zilizopangwa ukutani, kwa kuwa maji ya mji huu hayana ahadi. Basi aghalabu huliuza gunia palepale kituoni kwa bei ya mwenye haraka. Juma lilelile mkewe hutumwa dukani kununua unga wa pakiti na maharage ya kupima. Mwenye kununua kwa kupima hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye kununua kwa gunia. Hili halihitaji ushahidi, kila mama aliyeko hapa alijua kabla yetu. Kwa hiyo mtu huyu amepoteza mara mbili: mara moja alipouza na mara ya pili aliponunua. Wala hakupoteza kwa ulevi au uvivu. Amepoteza kwa kukosa nafasi ya gunia moja.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Mjaluo alikuwa na dero lake nje ya nyumba, Mkikuyu ikumbi lake, na Mgiriama aliweka mahindi yake uchagani, juu ya meko, ambako moshi wa kila siku uliyakausha na kuwafukuza wadudu. Hata katika nyumba za mawe za Mji wa Kale mafundi waliacha zidaka ukutani. Vyumba vyetu vya leo havina dero wala kidaka, na sababu yake ni ya zamani. Nyumba nyingi walizojengewa Waafrika mijini zama za ukoloni zilipimwa kwa mwanamume mmoja, aliyehesabiwa kuwa atafanya kazi kisha arudi kwao. Mke, watoto na akiba yake vilidhaniwa kuwa viko shambani. Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bw. F. W. Carpenter, ilipotoa ripoti yake mwaka 1954 ilisema wazi kwamba hata mishahara ilipangwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Ukoloni ulikwisha mwaka 1963, lakini kipimo cha chumba kimebaki, na wenye nyumba wapya wameendelea kujenga kwa kipimo hichohicho.

Sasa tuingie katika hesabu. Makosa tuliyoyaona mara nyingi ni ya mtu kutaka kulitia dero la shambani ndani ya chumba cha mjini. Hesabu itumiwayo sana nchini mwetu ni kwamba mtu mmoja hula karibu gunia moja la mahindi, yaani kilo 90, kwa mwaka. Jamaa ya watu watano, basi, yahitaji magunia matano. Magunia matano hayaingii chumbani, na asijaribu mtu kuyaingiza. Lakini gunia moja huwalisha watu hao kiasi cha juma kumi. Chumba cha mjini hakidaiwi mavuno ya mwaka. Chadaiwa juma kumi tu, na yakikaribia kwisha, gunia jingine lije.

Na gunia moja ni kitu gani? Ukilimimina katika madebe ya lita 20 wapata madebe sita. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko ina upana wa futi moja hivi na kimo cha inchi 15 hivi. Ndoo sita zikipangwa mistari miwili ya tatu-tatu zachukua futi 2 kwa 3. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kina uvungu wa futi 24 za mraba. Kwa hiyo chakula cha juma kumi chataka robo ya uvungu tu! Tulipoyasema haya katika nyumba tulizozitembelea, mabwana wengi waliinama kutazama chini ya kitanda, wakakuta viatu vilivyokatika, redio iliyokufa na masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu walipohamia.

Shida moja ni kimo. Vitanda vingi viko chini mno, ndoo haipiti. Tiba yake ni matendegu kuinuliwa kwa mawe manne ya ujenzi, au vipande vya mbao nene vilivyochimbwa kidogo ili tendegu litue ndani lisiteleze, hata uvungu upate inchi 18. Fundi seremala hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Chini ya ndoo pawekwe mbao mbili tatu ili zisigusane na saruji, na kati ya ndoo na ukuta iachwe nafasi ya kupitisha mkono. Nafasi hiyo si ya urembo. Saruji na ukuta wa nje hutoa jasho wakati wa masika, na panya hupenda pembe asipoonekana. Mkono upitapo, ufagio nao wapita. Dumu za maji zihamie upande wa pili wa chumba. Tumeona gunia la mahindi limeegemezwa dumu la maji linalovuja, na mwenyewe akishangaa kwamba mahindi ya safari hii yana harufu ya udongo.

Hapa ndipo tuombapo masikio yenu zaidi, maana pwani si bara. Nafaka huvuta unyevu wa hewa kama chumvi ivutavyo. Mahindi yaliyokauka vizuri Kitale au Bungoma, yakikaa hapa ndani ya gunia lililo wazi tangu Machi hata Juni, hurudi kuwa na unyevu, ingawa hayakunyeshewa hata tone. Yakishapata unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine huzaa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani, haina ladha, na haifi kwa kupikwa. Ugali uliosongwa saa nzima bado unayo.

Wanachama wetu wa kutoka Ukambani hawahitaji kuhadithiwa. Mwaka 1981 watu 20 walilazwa hospitalini kwa sumu hii katika wilaya ya Machakos, na 12 wakafa. Mwaka 2004 msiba ukawa mkubwa kuliko huo: Makueni, Kitui na wilaya za jirani waliugua watu 317, na kati yao 125 wakafa. Waliochunguza msiba wa 2004 waliona jambo ambalo ni la kutuhusu hasa sisi tunaoishi chumbani. Nyumba zilizopata ugonjwa zilikuwa zaidi ni zile zilizoweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kulala. Watu hao hawakuwa wajinga wala wazembe. Walihofia njaa na wizi, wakavuna kabla ya kukauka, wakaingiza ndani wakidhani wanailinda riziki yao. Chakula kikalindwa na mwizi, kisilindwe na unyevu.

Kwa sababu hiyo, gunia lifikapo lisiingie uvunguni siku hiyohiyo. Lipimwe kwanza. Kipimo cha serikali ni kwamba unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na mashini za kupimia zapatikana kwa wafanyabiashara wakubwa. Lakini akina mama wanaweza kupima kwa chupa na chumvi. Twaa chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia mahindi hata theluthi ya chupa, kisha vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani hata ikawa kavu inayomiminika. Funga, tikisa kwa dakika moja, uiache robo saa. Ukiona chumvi imegandama kwenye kioo, jua kwamba unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo hayafai kuwekwa. Ikiwa haikugandama, uko karibu na usalama. Yaanike tena siku moja au mbili ndipo uyafunge. Yaanikwe juu ya mkeka au turubai, si juu ya ardhi tupu, na yaingizwe ndani kabla ya umande wa jioni. Katika kuanika huko punje zilizooza, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa shimoni. Zisipewe kuku, wala asipewe mwenye kupika pombe. Tunalisema hili kwa sababu tumelisikia likipendekezwa.

Yakisha kukauka, yafungwe pasipo hewa. Wadudu wa nafaka wanapumua kama sisi. Ukijaza chombo hata shingoni na kukifunga barabara, wadudu waliomo humaliza hewa iliyobaki na kufa, tena unyevu wa pwani hauna pa kuingilia. Ndiyo kazi ya yale magunia ya tabaka tatu yauzwayo siku hizi, mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kusokotwa, ambayo asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani uliofanywa kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni. Ni magunia mema, lakini kwa chumba chetu twaona ndoo au dumu ni bora. Gunia ukilifungua kila siku kutoa kibaba kimoja, umeingiza hewa kila siku katika chakula chote. Ndoo sita hufunguliwa moja moja. Tano zabaki zimelala. Tena panya hatoboi ndoo kwa urahisi. Dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia lafaa pia, likioshwa kwa sabuni na kukaushwa siku kadhaa. Lililokuwa la mafuta ya taa au la dawa yoyote halifai, hata likioshwa mara saba. Na mahindi mabichi yakifungwa pasipo hewa huoza upesi kuliko yaliyo wazi, basi asiruke mtu chupa ya chumvi akakimbilia ndoo.

Kuna mdudu mmoja ambaye wazee wetu hawakumjua ujanani mwao, naye ni dumuzi. Kwao ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanganyika ya zamani upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 au karibu na hapo, na mwaka 1983 akaonekana kwetu Kenya, upande wa Taita na Taveta. Hutoboa mahindi yakawa vumbi, hutoboa hata mbao za ghala. Vijana wamempa jina la mtu mmoja mashuhuri kwa uharibifu, ambalo hatutalitaja katika mkutano wa heshima. Kwa ajili yake watu wamekimbilia dawa, na katika jambo la dawa Kamati haina lugha laini.

Dawa ya unga ichanganywayo na nafaka ina kipimo chake na siku zake za kungoja kabla ya kula, vilivyoandikwa juu ya pakiti. Asiyeweza kusoma pakiti amwite mwanawe amsomee. Lakini vile vidonge vya kufukizia, ambavyo wengine huvinunua kimoja kimoja vikiwa vimefungwa katika karatasi, visiingie katika chumba cha kulala kwa hali yoyote. Kidonge hicho kikikutana na unyevu wa hewa hutoa moshi wa sumu usioonekana, nao huua panya, mdudu na mwanadamu pasipo kubagua. Ni kazi ya watu waliofunzwa, katika ghala lisilolaliwa na mtu. Fikirini, mabwana: mahindi yako uvunguni, watoto wamelala juu yake, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu. Na katika nyumba zetu za Kiswahili, ambamo kuta za vyumba aghalabu hazifiki juu kwenye paa, anayefukiza chumbani mwake amefukiza nyumba nzima. Jirani ambaye hakula hata punje ya mahindi yako aweza asiamke. Tumekuta vidonge hivi katika nyumba ya mwanachama mmoja, ndani ya kopo la majani ya chai. Tuliviondoa siku ileile, na yeye alitushukuru, maana aliyemwuzia hakumwambia neno.

Yaliyobaki ni madogo. Maharage yasiwekwe juu ya rafu karibu na jiko, ingawa ndipo wengi wayawekapo. Joto na unyevu huyafanya yawe magumu hata yasiive, na mama anayelalamika kwamba maharage ya safari hii yamemaliza makaa yote, huenda kosa si la maharage. Nayo yafungwe katika ndoo na kukaa uvunguni pamoja na mahindi. Kama hamna ndoo ya kutosha, kopo lililojaa nusu libiringishwe sakafuni asubuhi na jioni. Vijidudu vya maharage huhitaji kutulia mahali pamoja ili vitoboe punje, na vikisumbuliwa hivyo hufa. Watoto huipenda kazi hii. Unga usiwekwe mwingi. Unga wa mahindi mazima huchacha upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini, ilhali punje hukaa. Kwa hiyo ipelekwe mashini debe moja moja. Ubao wa juu ya mlango, chini ya mabati, ni mahali pa joto kali mchana na baridi usiku. Uwe wa masufuria na vikapu vitupu, wala si wa mafuta ya kupikia. Ng'onda na dagaa vitundikwe mbali na sukari. Mafuta ya taa yakae karibu na mlango, peke yake.

Sasa tufike kwenye shauri lililoletwa na baadhi ya wanachama, kwamba Chama kikodi chumba kiwe ghala la wote. Tulilifikiri sana, nasi hatuliungi mkono. Ghala la wote lataka mlinzi, mlinzi ataka mshahara, na ufunguo utakuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mahindi hayana alama: atakayeleta makavu atachanganyiwa na mabichi ya mwingine, na kuvu ikianza katika gunia moja haitauliza majina. Vyama vimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Wala hatuungi mkono desturi ya kuweka magunia katika ukumbi wa nyumba. Ukumbi ni wa wapangaji wote, tena ndiyo njia ya kutokea usiku moto ukiwaka. Katika nyumba mbili tulikuta mtu hawezi kupita ila kwa ubavu, nasi tuliwaomba wenyewe waondoe magunia yao kabla hatujakaa kunywa chai.

Badala yake twaleta shauri hili. Mfuko wa Ustawi ununue ndoo zenye vifuniko vya kubana, na kuwakopesha wanachama ndoo sita sita, walipe kidogo kidogo pamoja na ada ya kila mwezi. Wajane na wenye watoto wachanga watangulizwe. Mwenye kukopa akubali kutembelewa na wajumbe wawili wa Kamati kabla ya kuzijaza, mmoja wao mwanamke, wenye chupa na chumvi. Baadhi ya mabwana wamesema kwamba si adabu wajumbe kuchungulia uvungu wa mtu. Twawajibu kwamba kitanda kitatandikwa, na mwenye nyumba atatoa ndoo kwa mkono wake mwenyewe, wajumbe hawatainama.

Wazee wa kila mtaa tunawaomba watusaidie katika jambo moja ambalo sisi wa Kamati hatuna nguvu nalo, yaani kuwaandikia ndugu zetu wa shambani. Wasipakie gunia katika basi siku ya kuvuna kwa kuhofia kwamba litaliwa na wengine. Walikaushe kwanza, na walete habari kabla ya gunia, ili huku mawe ya kitanda yawe yamekwisha kuwekwa. Majina ya wanaotaka ndoo yatapokelewa na Katibu mwishoni mwa mkutano huu, na mseremala ambaye ni mwanachama wetu amekubali kuinua vitanda siku za Jumapili alasiri, kwa malipo ya mbao tu.